Mstari Uliowatenga Wapenzi

Wanangu mnaopendana huku mnakipenda chama, someni hii kabla hamjachelewa.

Walikutana mlangoni pa ukumbi, siku chama kinagawa fulana. Watu wamebanana, jasho linawatoka, fulana imebaki moja. Binti mshonaji, kajifunga kitambaa cha manjano kichwani, kashika mkono mmoja wa fulana. Fundi simu, kijana mrefu mwenye macho ya utani, kashika wa pili.

"Dada, achia, itachanika."

"Achia wewe. Kwanza haikutoshi, utabaki kitovu nje!"

"Basi chukua. Ila nipe namba, nije niiazime."

Zikaanza simu. "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na sijakusikia?" Binti anashona, simu kaibana begani, anacheka peke yake.

Chama kilikuwa kimoja, lakini ndani mna pande mbili. Wa Leo-Leo walitaka kodi za nyumba zishushwe mara moja. Wa Polepole walitaka wenye nyumba wabembelezwe kwanza. Fundi alikuwa Leo-Leo wa kufa mtu; binti, Polepole. Uchaguzi wa chama ukakaribia, kila upande na mgombea wake: watu hujipanga mstari nyuma ya wanayemtaka, wakahesabiwa.

"Tukisimama mistari miwili tutarudi tumenuniana," fundi akasema. "Tusiende. Kwako imepungua kura moja, kwangu moja, hakuna aliyepunjwa."

"Sipigi kura, laazizi. Naapa."

Fundi akabaki kibandani kwake. Lakini bibi yake binti, Polepole wa siku nyingi, miguu imevimba, akang'ang'ania kwenda. Binti angemwacha aanguke njiani? Akampeleka, akasimama naye mstarini kamshika kiuno. Msimamizi akapita akigusa mabega: bibi, mmoja, binti, wa pili.

"Mimi nimemshika tu!" binti akasema. Kelele zikammeza. Polepole wakashinda kwa kura moja.

Picha ya binti mstarini ikamfikia fundi kabla bibi hajafika nyumbani. "Umefungiwa bandani kama kuku!" wenzake wakamcheka. Binti akapiga simu, fundi akaikata. Akapiga tena, fundi akaizima. Kwenye mkutano wa Leo-Leo wa kulalamika, fundi akashika kipaza sauti: "Aliniapia kwa mapenzi, akaniuza kwa kura! Msaliti yule, msimpe hata salamu!"

Mtaa mzima ukasikia. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Wengine walitema mate mlangoni.

Baadaye msimamizi mwenyewe akamwambia fundi: "Yule binti alikataa kuhesabiwa, mimi nikapita tu. Kosa langu." Fundi akaja mbio kwa binti, yeye na shangazi yake, shati limepigwa pasi, pete mfukoni.

"Nisamehe, mpenzi. Hasira tu. Nakuomba nikuoe."

"Nimekusamehe."

"Alhamdu... asante!"

"Kukusamehe, nimekusamehe. Kuolewa na wewe, hapana."

"Kwa ajili ya siasa?"

"Siasa tungegombana, tungecheka. Ungekuja kunitukana hapa ndani, ningelia, yangekwisha. Wewe uliwaita watu wanichukie, na wakaitikia. Hao utawarudishaje?"

Shangazi akamgusa fundi bega. "Twende, mwanangu."

Binti akasubiri wapotelee kwenye kona, ndipo akalia. Na anampenda hadi leo, wanangu. Mtu akikohoa tu mlangoni, anageuka kuangalia kama ni yeye.