Majivu Kwenye Sinki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kukunja godoro langu, kumpelekea Mama bakuli dogo la wali, na kunawa uso. Mama alifariki mwezi wa kumi na moja. Wali wake niliuweka mbele ya picha, kwenye kabati la kuwakumbukia marehemu pale sebuleni, nikawasha kijiti cha udi, nikagonga kengele, nikafumba macho. Watu waliokuja kutupa pole walilia. Mimi nilihesabu viatu vyao mlangoni. Ilikuwa kama ganzi ya kwa daktari wa meno, ila mwili mzima.

Shida ilikuwa kwenye kazi ya tatu. Maji ya sinki yalikuwa hayateremki upesi. Ukipiga mswaki, povu linabaki likizunguka hapo robo saa, na anayekufuata anakuta uchafu wako. Nyumba yetu ya hapa mjini Takehara ni ya Bibi, mama yake Baba. Ina miaka sitini na kitu, na kila kitu ndani yake hulalamika kikiguswa. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

"Mzee mwenzangu huyo," Bibi alisema, akiligonga sinki kwa mswaki wake. "Tusimharakishe."

Baba hakucheka. Alimwaga dawa ya kuzibulia, chupa nzima, maji yakabaki vilevile. Akampigia simu fundi mmoja, ambaye hata hakuja kuangalia. Alisema nyumba za umri huo mabomba huwa yameoza ndani ya ukuta, dawa yake ni kubomoa. Jioni hiyo nikamsikia Baba akizungumza kwenye simu na shangazi Tomoe wa Okayama.

"Dada, nimechoka. Juzi paa, leo mabomba. Mchukue mama yetu akae kwako. Mimi na mwanangu Chinami tutapanga nyumba karibu na kazini. Jumapili uje na gari."

Mimi nilikuwa najua kwa nini maji hayateremki.

Kuchekecha majivu ya udi kila Jumapili ilikuwa kazi yangu. Bibi alinionyesha: majivu laini yanarudi kwenye bakuli la kusimamishia vijiti, mabaki ya vijiti na madonge unakwenda kuyafukia bustanini, mahali ambapo watu hawakanyagi. Lakini mpaka kisomo cha kumwombea Mama siku ya arobaini na tisa wageni walikuwa wengi, kila mmoja na kijiti chake, bakuli likawa linafurika. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nikayamwaga kwenye sinki, nikafungulia maji. Wiki ya kwanza, ya pili, mpaka saba. Sikufikiri kitu, nilikuwa kama mtu anayesuuza kikombe.

Sasa ningeanzia wapi? Ningesema majivu ya udi wa Mama nimeyateremsha pamoja na povu la dawa ya meno? Nikanyamaza.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bibi akipanga kimono zake kwenye boksi.

"Bibi, unafungasha?"

"Ee. Kwa shangazi yako kuna joto, na choo chake kinajifunua chenyewe ukisogea. Nitaishi kimalkia, we subiri uone!"

Alisema hivyo akijaribu kufunga kamba. Ikamshinda. Akajaribu tena, ikamshinda tena. Nilijua hapo natakiwa nimwonee huruma. Nikaisubiri, haikuja. Lakini kilicho sawa nilikijua.

"Bibi, ni mimi niliyeziba sinki. Nilimwaga majivu ya udi wa Mama."

Kamba ikamponyoka. "Majivu? Kwenye sinki la kupigia mswaki?"

"Ndiyo."

"Wee mtoto wee! Mitsuo! Hebu njoo hapa na spana yako!"

Baba alikuja, akasikia yote akiwa amesimama mlangoni.

"Ulinisikia nikizungumza na shangazi yako?"

"Nilikusikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Nilingoja anifokee. Alivaa glavu za mpira, akaniambia nikae mbali kwa sababu ile dawa bado imo humo na inaunguza ngozi. Akaweka ndoo chini ya sinki, akalegeza nati mbili, akakitoa kile kiwiko cha bomba kinachopinda. Ndani mlikuwa na tope la kijivu, gumu kama saruji, limeshikana na nywele. Vipande vya vijiti vya udi vilionekana, vingine bado na rangi yake ya kijani. Baba alilichokoa kwa kijiti cha kulia chakula, akasugua kwa brashi ya chupa, kisha akamulika tochi upande wa ukutani.

"Bomba ni zima," alisema. "Halina hata kutu."

Akarudisha kiwiko, akajaza sinki, akachomoa kizibo. Maji yakaenda yote mara moja. Baba akakaa kwenye sakafu iliyolowa akampigia dada yake. "Usije na gari kubwa kesho. Njoo ule, urudi zako." Sikujua anacheka au analia.

Bibi alinipeleka chumbani kwake, tukaanza kuzitoa kimono kwenye boksi moja moja.

"Bibi, nimesema ukweli lakini sisikii kitu. Hata Mama sijamlilia."

Aliendelea kukunjua nguo.

"Ulikosea, ukaficha, na hilo ni baya, Chinami. Nusura nihame nyumba yangu kwa sababu ya majivu. Lakini leo umesema, na umesema bila kusikia kitu. Basi kumbuka hivi: ukweli unausema kwa sababu ni ukweli, hungoji mpaka moyo ukusukume. Na huo moyo usiuharakishe. Kilio cha Mama kitakuja siku yake, mchana au katikati ya chakula, na kikija kitatukuta hapahapa."