Elfu Mbili za Sofa

Wanamtaa wenzangu wa hapa Bremen, na ninyi mnaotafuta nyumba kokote mliko, nipeni masikio. Nimechoka kunyamaza.

Jumapili ile mtaa ulikuwa kimya. Nilikuwa nimeoka keki ya zabibu kavu, na Wiebke, binti wa kaka yangu, alikuwa anakunywa chai jikoni kwangu huku ameshika tumbo lake la ujauzito. Nyumba ya pili, tunayotenganishwa nayo na ukuta mmoja tu, ilikuwa inauzwa. Mzee Brüning aliinunua ikiwa mbovu, akaifanya mpya: madirisha, bafu, joto linatoka sakafuni.

"Shangazi, mwanangu atagonga ukuta, nawe utamjibu," Wiebke akasema, machozi ya furaha yakimlenga.

Mara mumewe, Torben, akaingia akitokea kwa mzee, anasugua mikono.

"Tumeelewana! Ila elfu arobaini tunampa mkononi, haziandikwi. Kodi ya ununuzi inapungua, tunaokoa euro elfu mbili. Hiyo ndiyo sofa yetu!"

"Na yeye anaokoa nini?" nikamuuliza.

Kwetu anayenunua nyumba na kuiuza upesi hutozwa kodi ya faida, na hiyo ndiyo Brüning aliyokuwa anaikwepa.

"Shangazi bwana!" Torben akacheka. "Wewe hata tramu ya kituo kimoja unakata tiketi."

"Nakata, na nalala usingizi."

Wiebke hakucheka. Hizo elfu arobaini zilikuwa akiba aliyoachiwa na marehemu mama yake.

Mkataba wa nyumba hapa kwetu husomwa wote kwa sauti, neno kwa neno, na mthibitishaji, ofisa wa sheria anayeuhalalisha. Alipomaliza kusoma alivua miwani, akauliza: "Bei mliyokubaliana ni hii tu? Hakuna nyingine pembeni?"

Wiebke akatazama viatu vyake. Torben akajibu, "Ni hiyo tu." Wakatia saini. Pesa za pembeni Brüning alikuwa ameshazitia mfukoni.

Ikabaki kungoja majina yao yaingizwe katika daftari la ardhi. Jamani, kungoja kule! Wiebke hakutulia. Anafungua friji, anafunga, hajatoa kitu. Ananipigia simu: "Shangazi, mzee yupo? Nimepita hapo sasa hivi, mbona kuna gari geni mlangoni kwake?"

Gari lilikuwa la daktari mmoja wa Hamburg, aliyeipenda nyumba na kuahidi bei ya juu zaidi. Torben akaja mbio, na mimi nikatoka kibarazani.

"Mzee, tuna mkataba!"

"Mkataba upi? Bei iliyoandikwa ni ya uongo. Kamuulize mwanasheria wako kama unanifunga."

"Basi turudishie elfu arobaini zetu!"

"Elfu arobaini zipi, kijana? Risiti iko wapi?"

Nilitamani kumzaba kibao, mzee mzima vile. Lakini mwanasheria alisema hivyo hivyo: kabla jina halijaingia daftarini, karatasi yenye bei ya uongo haimfungi mtu. Na kushtaki kulimaanisha kukiri kwamba walimdanganya mthibitishaji. Wakakiri. Faini imewafikia, pesa bado. Brüning naye anaandamwa na watu wa kodi, lakini hilo halimrudishii Wiebke nyumba.

Jirani mpya hupelekewa mkate na chumvi. Chumvi ya Wiebke nilikuwa nimeshaitia katika kikopo chenye utepe. Daktari alipohamia, nikampelekea yeye, roho inaniuma.

Juzi Wiebke alikuja na mtoto, na Torben nyuma yake. Tukasikia kitu kikiburutwa upande wa pili.

"Wanasogeza sofa," akasema Wiebke. Torben hakuinua macho.

Mtoto, akiwa mapajani kwa mama yake, akapiga kiganja ukutani. Akapiga tena. Hakuna aliyemjibu.

FUNZO

Ndugu zangu, kodi inauma, sikatai. Hata hivyo, bei ya nyumba iandikwe yote. Anayekushauri kuificha, muulize kwanza yeye anapata nini. Na mwenzako akiinamisha macho wakati wa kutia saini, weka kalamu chini, mtoke nje mkazungumze. Torben hakumuuliza mkewe hata neno moja siku ile, na sasa kila akija kwangu hukaa kiti cha mbali na ule ukuta.