Kata Moja Njia ya Jilore

Walijuana kwa kugombania samaki. Soko la samaki Malindi asubuhi ni vikumbo na kelele tu, na Nyale, fundi wa friji za mahoteli ya Watamu, alikuwa ameshika mkia wa changu mmoja mnene huku kichwa kimeshikwa na vidole vilivyopakwa hina.

"Kaka, niachie samaki wangu."

"Wako tangu lini, dada?"

"Tangu nimtie jicho."

"Basi mimi pia nimetia jicho, ila si kwa samaki."

Dada huyo, Mbeyu, akacheka hadi muuzaji akawafukuza. Alikuwa msusi, gauni la kitenge limemkaa kiunoni, na ulimi wake ulikuwa haupumziki. Changu walimla pamoja kwa wali wa nazi, na tangu hapo Malindi nzima tukajua. Simu kutwa.

"Umekula, mahabubu?"

"Nangoja uje unilishe."

"Toka hapa na uvivu wako!"

Wateja walitoka saluni nusu ya kichwa haijasukwa.

Mwaka ukazunguka, na Mbeyu akawa na swali moja tu: "Wazee wako watakuja lini kwetu?" Nyale alimpenda, lakini neno wazee lilimtia kiungulia. Siku moja akaropoka, "Kama una haraka, tafuta mwenye haraka mwenzio!" Kisha akaizuia namba yake asimpigie tena.

Kiburi kilimwisha kidogo kidogo, na majuto yakaingia. Alipokwenda saluni, Bridgit, aliyesuka pamoja na Mbeyu, alimjibu bila kumtazama: "Kaenda kwao, njia ya Jilore. Si unakujua kwao?"

Hakukujua. Hakuwahi kufika hata siku moja.

Jumapili akamchukua rafikiye Dzombo, wakashuka tuktuk barabarani, wakaingia kwa miguu baina ya minazi na mihogo, wakiulizia njia.

"Nitamwambia nini babake, Dzombo?"

"Utapiga magoti, rafiki, msena wangu. Lakini si kwa koo kavu."

Njia ile haikosi mangwe, vile vibanda vya makuti vya kunywea mnazi. Kwenye cha kwanza walipiga kata moja moja ya kuondoa vumbi. Kwenye cha pili, mama muuzaji akamkagua Nyale kutoka kola hadi viatu.

"Huyu wa shati la pasi anakwenda kuoa au kuzika?"

"Kuoa, mama, nikikubaliwa."

"Basi ongeza moja. Mbona unatetemeka kama wewe ndiye bibi arusi?"

Wakatoka hapo Nyale akijifundisha maneno kwa sauti: "Shikamoo baba, mimi ndiye yule mpumbavu..." Dzombo akajifanya mkwe, akamkaripia, wakacheka hadi machozi.

Mbele kidogo wakasikia ngoma. Watu tele chini ya banda, madumu ya mnazi yamepangwa.

"Mangwe hii imechangamka!" Dzombo akasema.

"Karibuni, asena, kaeni," wakapokewa, na kata zikapita mkono kwa mkono. Hawakugundua kwamba kila mtu kaishika yake bila kuionja. Nyale akaigugumia yote, akacheka kwa nguvu.

"Tamu hii! Ongeza!"

Ngoma ikanyamaza. Mzee aliyekaa karibu akamshika bega. "Kijana, umelelewa wapi? Hii ni pombe ya posa. Hainywewi mpaka binti aseme: ikinywewa kakubali kuolewa, ikimwagwa kakataa."

Mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Mbeyu, leso mbili mpya za rangi nyekundu, macho yamevimba. Alikuwa ameandaa neno moja la kumwambia babake: mwageni. Tena kule ndani alikuwa amesikia kicheko anachokijua, moyo ukamruka, kaja! Sasa akamwona. Kata tupu mkononi, povu kwenye masharubu, Dzombo pembeni bado anatabasamu.

"Mbeyu mwanangu," babake akauliza, "pombe hii aliyoileta Lewis wa Mariakani kukuposa, tuinywe au tuimwage?"

Nyale akajipangusa povu.

Mbeyu akaitazama ile kata tupu, kisha akamgeukia babake.

"Mgeni ameshakunywa, baba, tena kwa furaha. Nanyi kunyweni."

Vigelegele vikapasua banda. Dzombo akamkokota rafikiye hadi barabarani. Hapo Nyale akaifungua ile namba aliyoizuia, akapiga, na Mbeyu akapokea.

"Nilikuwa nakuja kwako. Nilidhani ni mangwe. Haki ya Mungu, sikujua!"

"Hukujua kwetu ni wapi," Mbeyu akasema polepole. "Mwaka mzima, Nyale, hukujua kwetu ni wapi."

"Nisamehe, mahabubu."

"Nilikusudia kusema wamwage."

"Sema sasa! Narudi, nitasimama nawe."

Nyuma ya Mbeyu wanawake walikuwa wakimwita kwa nyimbo.

"Wameshakunywa, kipenzi. Hata wewe."