Hapo ni pa Agnes

Haya yalimpata rafiki yangu Dominiko, kule Matombo, zama za Mdachi. Mkewe Agnes, mtunzi wa nyimbo za kulimia, alifia uzazini. Mtoto naye alitoka bila kulia, tukawazika pamoja.

Mzungu mmoja akapita na mashine ya kunasa sauti kwenye nta. Dominiko akamsihi, "Bwana, zinase nyimbo zote za Agnes, zisipotee."

Akaimba mchana kutwa. Kila penye kiitikio alinyamaza.

"Mbona kimya?"

"Hapo ni pa Agnes, bwana."

Ukungu ukashuka, chumba kikaingia giza. Mzungu akairudia nta wasikilize. Sauti ya Dominiko ikaimba, ikanyamaza. Penye ule ukimya akalia mtoto mchanga, na mwanamke akambembeleza taratibu mpaka akatulia.