Mrija wa Obiero

Mafuta ya taa yaliniishia jioni, mvua ikiwa imetoka kupiga mtaa wetu wa Kiplombe, nikachukua chupa kwenda dukani kwa Waceke. Ilikuwa Agosti 1983. Mwezi huo baridi ya Eldoret haina adabu, inakuingia mpaka kwenye meno. Waceke alinipimia mafuta chini ya picha ya Rais, akanipa pole tena, nikatoka.

Nyuma ya ua wa michongoma nikasikia mtu anapumua.

Hooo... pfff.

Hooo... pfff.

Niliijua pumzi ile. Ilikuwa ya mume wangu, Obiero, na Obiero tulikuwa tumeshamzika.

Obiero alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nyuzi. Mzungu mmoja wa pale alipomaliza mkataba alimwachia miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Kila jioni alitumbukiza kichwa kwenye beseni la nguo, mrija juu, anapumua hooo, pfff, na binti yetu Akoth anacheka mpaka anaanguka. Mjaluo aliyekulia Eldoret, ziwa analijua kwa kitoweo tu! Lakini ukimsikia akijisifu ungedhani alinyonyeshwa na mamba.

Basi wafanyakazi walipopanga matembezi ya siku moja Ziwa Victoria, hakuna aliyemtangulia. Tulikodi boti ya injini Mbita, tukazunguka visiwa, wanaume wakitupa ndoano na kudanganyana kuhusu samaki waliowaponyoka. Mchana tukatia nanga kwenye kisiwa kidogo cha mawe, sisi wanawake tukawasha moto tukaange mbuta. Maji pale yalikuwa safi. Obiero akavaa miwani, akamfinya Akoth shavu, akateremka. Tuliuona mrija ukielea taratibu, ukazunguka mwamba.

Hatukuuona ukitokea upande wa pili.

Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka. Kwetu, mtu aliyepotelea majini haachwi bila kaburi. Wazee wakachuma yago, lile tunda refu la mvungunya, wakalifunga shuka, wakaliita kwa jina lake, wakalizika kijijini kwao. Nililia juu ya tunda. Mama mkwe wangu, Mama Angeline, alililia zaidi yangu, kwani Obiero ndiye mtoto pekee aliyembakia. Kisha akanifuata Eldoret kukaa nami siku za kilio.

Sasa mbio nilizotimua kutoka kwenye ule ua, wacha tu. Niliingia, nikapiga komeo.

"Mama... Obiero yuko nje."

Hakuniuliza nimelewa nini. Alimsukuma Akoth nyuma ya pazia la kitanda, akaketi sakafuni, mgongo wake kwenye mlango.

Harufu ikaingia kwanza. Tope la ziwa. Samaki waliolala.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Benta... fungua. Ni mimi."

Hooo... pfff.

"Kama ni wewe, ulikuwa wapi?" nikanong'ona.

"Wavuvi waliniokota, wakanipeleka ng'ambo, Uganda. Wakanifunga huko, ati mimi ni mpelelezi. Nimekuja na lori ya samaki. Kifua inaniuma, Benta. Nimelowa."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, siwezi kuficha. Nikanyoosha mkono kwenye komeo. Mama Angeline akaupiga kofi.

"Mtu amezikwa na jina yake haingii kwa nyumba," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimfungulia, atachukua mtoto. Unataka bwana ama unataka mtoto?"

"Mama?" Sauti ya nje ilikuwa imemsikia. "Mama, uko huko? Basi nipee blanketi tu, kwa dirisha."

Mama Angeline alifumba macho.

"Mtoto yangu nilizika."

"Ni baba!" Akoth akapiga kelele. "Baba amekuja!"

Bibi yake akamvuta, akamziba mdomo kwa kiganja.

Obiero alibisha. Kisha akakwaruza. Mvua ikarudi, ya mawe, ikipiga mabati mpaka tukawa hatumsikii, na ilipopungua alikuwa akimwimbia Akoth wimbo wa kumlaza, meno yakigongana. Nilimchukia yule mama, na nilimshukuru, vyote kwa wakati mmoja. Nilimtazama binti yangu, nikatazama komeo. Sikuligusa.

Pumzi zikapungua. Hooo...

Zikakoma.

Kulipokucha, mayowe ya Waceke ndiyo yaliyotutoa nje. Obiero alikuwa ameketi mlangoni, mgongo kwenye mbao, palepale mama yake alipoegemea upande wa ndani. Ubao mmoja tu ndio uliowatenga usiku kucha. Miwani hakuwa nayo, wala mrija.

"Nyinyi ni watu gani?" Waceke alitema mate. "Hata mbwa yangu analala kwa jikoni!"

Daktari alisema ni homa ya mapafu, na baridi ndiyo iliyommaliza. Alikuwa amekufa alfajiri ile.

"Angepata moto na chai angepona," akamweleza Mama Angeline, bila kujua anamwambia nani.

Mama Angeline hakulia. Tulimpeleka kijijini, wanaume wakafukua kaburi watoe lile tunda, wamlaze mwenyewe.

Tunda halikuwepo.

Shuka lilikuwepo, limefunguliwa, linachuruzika maji kwenye ule udongo mkavu. Ndani yake palikuwa na mrija. Wazee walitazamana. Mmoja akasema tufukie upesi, na hakuna aliyebisha.

Jioni tuliyorudi Eldoret hapakuwa na mvua. Nilikuwa nikiwasha jiko.

Hooo... pfff.

Harufu ileile ya ziwa. Na hapakuwa na lori la samaki safari hii.

Ngo. Ngo. Ngo.

Nikangoja iseme kitu. Obiero alikuwa amesema, ameomba, ameimba. Hii haikusema neno.

Mama Angeline akainuka. Uso wake uling'aa kama wa bibi harusi.

"Mama, wacha! Obiero tumemzika!"

"Hata ile siku nilisema hivyo."

Nilimshika kanga, ikabaki mkononi mwangu. Komeo likavutwa.

"Ingia, mwanangu," akasema. "Ingia, uko na baridi."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama za miguu, za maji, zikijitokeza sakafuni moja baada ya nyingine. Zilipita kati yetu. Zikaenda nyuma ya pazia, kitandani kwa Akoth.

Siku hizi Mama Angeline humpakulia mwanawe ugali kila jioni, na analala vizuri. Mimi silali. Hukaa nikimtazama binti yangu, mdomo wazi, akivuta pumzi. Hooo... pfff. Hospitali wamempima, wanasema kifua kiko safi. Asubuhi mto wake huwa umelowa, na unanuka ziwa.

Jana, wakati wa kuwasha taa, alinijia akitabasamu.

"Mama, ile beseni ya nguo iko wapi? Baba anasema leo ni zamu yangu."