Shati Lililokosa Nafasi Kambani

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema msije mkamsingizia mtu mwingine.

Mama yangu ni dobi. Uani kwetu kuna kamba tatu, na kila mwisho wa wiki hujaa mashuka, suti na magauni ya watu. Nguo za wateja kwanza; ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Sare yangu, moja tu niliyokuwa nayo, ilipata nafasi Jumapili jioni, jua likishaaga. Jumatatu asubuhi ukiikamua inatoa maji ya kunawia uso. Basi siendi shule. Mtoto wa dobi, anakosa shule kwa kukosa nguo kavu! Wenzangu walicheka hadi wakachoka.

Jumatatu moja nikasema, leo hanizuii mtu. Mama alipokwenda bombani, nikachomoa shati jeupe kwenye furushi la mwenye duka la dawa. Lilikuwa la mwanawe mkubwa, limepigwa pasi, linanukia sabuni. Nikalivaa juu ya kaptura yangu ya nyumbani. Mikono yake ilipita vidole vyangu.

"Umevaa shati au umeingia hemani?" akauliza niliyeketi naye dawati moja.

"Mradi nimekuja," nikamjibu, kifua mbele.

Mwalimu wa hesabu aliona uzi mwekundu kwenye ukosi, alama ambayo mama huzitia nguo za wateja zisichanganyike. Hakunichapa. Saa ya kutoka alifuatana nami hadi nyumbani, rejista kwapani.

Jicho alilonipiga mama lingenyoosha suti bila pasi. "Vua. Nguo ya mtu hiyo." Kisha akamgeukia mwalimu. "Na wewe mwalimu, kama umekuja kunifundisha kulea, sema upesi, nina kazi."

"Kulea unajua, mama. Nimekuletea Jumatatu tisa." Akafungua rejista. "Mada mpya naanza Jumatatu. Jumanne huyu anakaa kama mgeni aliyekuta watu wamekwisha kula. Akiendelea hivi, mwakani atarudia darasa."

"Kamba hizo ndizo zinazotulisha."

"Na ziendelee kuwalisha. Mimi naomba nafasi ya shati moja na kaptura moja. Jumamosi asubuhi."

Mama alilitumbukiza lile shati ndani ya beseni, akalifikicha kana kwamba ndilo lenye kosa. Nikafungua mdomo nijitetee. Akanisukumia beseni la pili.

"Aliyeiba atasuuza. Na kesho utamwomba radhi mwenye shati."

Jumamosi iliyofuata sare yangu ilitangulia kambani, katikati kabisa, penye jua. Jumatatu niliingia darasani na shati langu mwenyewe, na nikasikia mada ikianza bila kuficha ukosi.

Jumamosi ya tatu, mwenye duka la dawa alikuja kuchukua suti yake akaikuta bado ndani ya beseni. Akaitazama kaptura yangu ikipepea.

"Tangu lini nguo ya mtoto ikapita mbele ya mteja?"

"Tangu wiki mbili zilizopita," mama akasema bila kuinua kichwa.

"Basi nitatafuta dobi mwingine."

Mama akakung'uta povu mikononi, akasimama wima. "Tafuta. Suti yako inasubiriwa na kabati. Kaptura ile inasubiriwa na darasa."