Jua Likiingia Majini

Mwili uliokuwa ukitembea gatini ulikuwa wa mpira na chuma chepesi, na ndani yake alikuwamo mama mmoja wa Dodoma akikagua vyoo vya mashua.

Yulita Chilongani mwenyewe alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali huko Dodoma, kofia ya neva imembana kichwani. Alichotaka kufanya kilifanywa na mwili-wakala katika bandari ndogo ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Akitaka kuinua mkono, mkono wa mpira uliinuka. Mawe ya gati yalikuwa ya moto, naye aliyasikia yakimchoma nyayo. Mwili wake wa kweli hakuusikia kabisa. Kofia ilifunga njia zote za huko, na muuguzi angeweza kumdunga sindano asijue.

Mashua ya kwanza ilikuwa ya ghorofa mbili, muziki unapigwa asubuhi yote hiyo. "Hii ni harusi," alisema, akaipita. Ya pili ilijifanya merikebu ya kale lakini injini yake ilitoa moshi mweusi. Ya tatu iliitwa Anthi. Ilikuwa nyeupe, yenye matumbo mawili, na kati ya matumbo hayo mbele palitandikwa wavu imara ambao mtu angeweza kuulalia, maji yakiwa chini yake. Nahodha wake, Lefteris, mzee mwenye kitambi, alikuwa akisugua jiko la kuchomea samaki kwa nusu ya limau.

"Choo kiko wapi?" Yulita aliuliza. Kikalimani kilichofungwa kooni mwa mwili kiliyageuza maneno yake kuwa Kigiriki.

Lefteris aliutazama mwili ule juu hadi chini. "Wakala na choo wapi na wapi, mama?"

"Nionyeshe."

Kilikuwa safi. Kwa Yulita, nahodha mwenye choo kichafu hawezi kuaminiwa kwa kamba wala kwa injini, hivyo kazi ilikuwa imekaribia kuisha.

"Huu wavu unabeba mtu?"

"Unabeba Wajerumani wanne walioshiba."

"Anayekuja si mimi, ni binti yangu. Ni mgonjwa. Hajawahi kupanda mashua. Usimwimbie, usimtanie, usimsogezee mvinyo."

"Nikimsalimia je?"

"Msalimie. Jua linaingia upande gani?"

"Mbele kabisa. Pale nitazima injini, tukae kimya. Kiti kizuri ni wavuni, kushoto."

"Mnarudi saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu usiku."

Saa za walevi hizo, Yulita aliwaza. Hata hivyo akaikodi mashua.

*

Binti aliitwa Nyemo, na misuli ya moyo wake ilikuwa ikilegea. Moyo wa kutengenezwa ulikuwa umejaribiwa, mwili wake ukaukataa. Ukajaribiwa wa pili, ukakataliwa pia. Madaktari waliacha kusema "tutaona" wakaanza kumuuliza anapenda nini.

Nyemo alipenda jambo moja. Tangu azaliwe jua la Dodoma lilikuwa likizama nyuma ya Paa la Kivuli, lile turubai kubwa la angani lililokinga jiji zima na joto. Kila siku ya mwaka, saa kumi na mbili na nusu, paa lilijikunja na nyota zikaonekana. Jua hukuliona, uliona tu kwamba limeondoka. Nyemo alitaka kuliona likiingia majini.

"Twende basi pwani," Yulita alikuwa amemwambia mwanzoni.

"Mama, pwani yetu inatazama mashariki. Kule jua linatoka majini, haliingii."

"Mwanza?"

Mwanza pangefaa, ila mwili wa Nyemo haukuweza kusafirishwa hata hadi lango la hospitali, na miili-wakala ilikuwa imewekwa mahali ambako wenye nazo walipenda kwenda kupumzika. Hakuna aliyefikiria kuiweka Mwanza.

Fundi wa kofia, Sosthenes, aliwaeleza masharti bila kuficha. "Kuingia kwenye wakala kunashtua moyo. Kukaa humo kunauchosha polepole. Daktari ameruhusu kuingia mara moja tu, na kukaa saa mbili. Mara ya pili hatavuka."

Yulita akaketi na Mratibu, akili ya kompyuta iliyopanga safari zote za namna hiyo. Jambo la kwanza aliloangalia ni tofauti ya saa. Katika majira yale ya joto saa ya kisiwani na saa ya Dodoma zilikuwa zinalingana kabisa. Akafurahi. Hapakuwa na hesabu ya kukosea.

"Aingie saa kumi na moja jioni, atoke saa moja," alisema.

"Ningependekeza aingie saa moja," Mratibu alijibu kwa sauti yake laini.

"Saa moja usiku mtoto wangu akaangalie nini, taa?"

"Ungependa maelezo zaidi?"

"Hapana." Mratibu alikuwa na maelezo kwa kila kitu, mpaka namna ya kukaza mkanda, na Yulita alikwishachoka nayo.

"Sawa," ilisema mashine. Ilikuwa imefundishwa kutobishana na mteja.

Yaliyobaki aliyafanya kama anayempeleka mtoto bweni. Aliagiza mwili uvalishwe soli za mpira zisizoteleza, kofia ya jua yenye kamba ya kidevuni, na shali, kwa sababu alisikia upepo wa kaskazini huvuma jioni. Nyemo alitaka gauni la manjano. Yulita alisema manjano huonyesha madoa. Nyemo akasema, "Mama, madoa ya nini?" Wakaagiza la manjano.

*

Nyemo alipoingia, mstari wa moyo kwenye kioo uliruka vibaya, Sosthenes akashika ukingo wa meza, kisha ukatulia. Yulita alikaa kando ya kitanda akiushika mkono wa binti yake, mkono usioweza kujua kwamba umeshikwa. Kipaza sauti kidogo ukutani kilileta yaliyosikika kule na kupeleka yaliyosemwa hapa.

Walisikia maji. Walisikia Lefteris akisema, "Karibu, binti. Nimekatazwa kuimba." Walisikia Nyemo akicheka, kicheko cha tumbo, ambacho hakikuwa kimetoka kitandani pale kwa mwaka mzima.

"Mama, najua unasikiliza. Maji yanapita chini ya mgongo wangu. Ni baridi kama friji." Baadaye: "Kuna majabali mekundu, marefu, na nyumba nyeupe juu kabisa kama chumvi imemwagika." Baadaye tena: "Wamechoma samaki. Wakala hali, lakini ananusa."

Saa kumi na mbili ilipita. Ikaja na nusu, na nje ya dirisha la hospitali Paa la Kivuli likaanza kujikunja. Giza likaingia Dodoma.

"Limefika wapi?" Yulita aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nini?"

"Jua."

"Liko juu tu, mama. Watu wanaogelea."

Yulita alitazama saa, akamtazama Sosthenes. Sosthenes alikuwa mtu wa Manyoni. Naye katika maisha yake yote hakuwahi kuliona jua likichelewa.

"Nahodha," Nyemo aliuliza kule mbali, "jua linazama saa ngapi?"

"Saa mbili na nusu na ushei, binti. Kiangazi hapa mchana ni mrefu. Kwani hamkuambiwa?"

Yulita alisikia maji yakigonga mashua.

"Mtoe apumzike," hatimaye alimwambia Sosthenes, "kisha umrudishe saa mbili."

"Kuingia ndiko kunakoua, Mama Nyemo. Nilisema."

"Mwache basi abaki."

"Nikiongeza nusu saa, labda. Saa nzima na nusu, hapana." Alionyesha mstari kwenye kioo. Vilima vyake vilikuwa vimeshaanza kuwa vifupi.

"Mama, niache," ilisema sauti ya ukutani. "Mimi ni mtu mzima. Niache."

Yulita aliutazama mstari ule. Kama angeona njia hata nyembamba angemwacha. "Hufiki," alisema. "Utakufa na jua liko juu. Sosthenes, mtoe."

*

Nyemo alirudi akiwa na rangi ya majivu. Alilala macho kwenye dari.

"Nimekosea," Yulita alisema. "Mashine iliniambia, sikuisikiliza."

"Hata mimi sikujua."

"Wewe hukupanga. Mimi ndiye niliyepanga."

"Mama, usinifanye nikubembeleze, sina pumzi." Nyemo aligeuza kichwa. "Mwili bado uko mashuani?"

"Uko, mpaka warudi," alisema Sosthenes.

"Nenda wewe, mama."

"Siendi popote."

"Nenda ukaangalie, uje uniambie. Video nimeona nyingi, zote zimepambwa. Wewe hujui kupamba."

Yulita alikataa tena, kisha akaona kwamba hakuwa amebakiwa na kingine cha kumpa. Akajilaza kwenye kitanda cha pembeni, kilichosogezwa mpaka kikagusana na cha binti yake, akavaa kofia.

Alijikuta wavuni, kushoto, amevaa gauni la manjano. Lefteris alimtazama, akajua aliyeingia ni nani, akazima injini.

Jua lilishuka polepole kuliko alivyodhani. Lilikuwa jekundu, kubwa, limebonyea kidogo chini. Lilipogusa maji halikutoa sauti, jambo lililomshangaza, kana kwamba alitarajia litachemka. Alijilazimisha kutazama kila kitu na kukipa maneno: barabara ya mwanga juu ya maji, rangi ya majabali kama nyama, ukingo wa mwisho ulionywea mpaka ukawa nukta. Abiria wakapiga makofi. Hakuelewa wanampigia nani. Alitaka asisahau na hilo, kwa kuwa Nyemo angelicheka.

Alifumbua macho Dodoma. Sosthenes alikuwa amesimama, na kioo cha moyo kilikuwa kimezimwa.

"Saa ngapi?" Yulita aliuliza.

"Tulipomsikia nahodha akisema linagusa maji. Alikuita. Alikushika mkono akakuita."

"Mbona hukunitoa?"

"Nilitaka kukutoa. Alinikataza. Alisema, mwache mama, halijaingia lote."

Yulita aliinua mkono wake wa kulia. Juu yake palikuwa na alama nne za kucha, nyekundu, zimezama. Aliziangalia kwa muda kama za mtu mwingine, kisha zikaanza kuuma.